Maswali mnayoniulizaga sana kuhusu kufundisha vijana insha ya kushawishi

Mi nafundisha Kiswahili sekondari hapa Mwanza, na Jumamosi nina kikundi cha tuisheni Igoma, watoto wa fomu tuu mpaka fomu foo. Kila wiki wazazi na walimu wenzangu wananiuliza mambo yale yale kwenye WhatsApp, nikaona niyaweke sehemu moja maana nimechoka kuandika meseji ndefu saa tano usiku. Sijayapanga sana. Yanayoulizwa zaidi yako juu, mengine yamekuja vile nilivyokumbuka.

Insha ya kushawishi ndo ipi hasa? Si insha ya hoja tu hiyo?

Ni ndugu, ila sio pacha. Kwenye insha ya hoja mtoto anaweza akaeleza faida, akaeleza hasara, akamaliza vizuri tu na wewe usijue yeye mwenyewe yuko upande gani. Ya kushawishi lazima awe na upande, na lazima awepo mtu ambaye bado hajakubali. Kipimo changu ni swali moja tu, watoto wangu wameshalichoka: nani atakataa? Ukiuliza hivyo na darasa zima likanyamaza, badilisha mada.

Hili nililijifunza kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwapa "Umuhimu wa elimu kwa kijana wa leo", nikaona nimetoa bonge la mada. Zikaja daftari sitini na kitu, zote elimu ni ufunguo wa maisha, zote katika dunia hii ya sayansi na teknolojia, nikasahihisha wikiendi nzima na Jumapili jioni ungenifunika majina nisingejua ipi ya nani. Nikawalaumu watoto kwamba hawafikirii. Baadae ndo nikaja kuona kosa lilikuwa langu, nani duniani anakataa umuhimu wa elimu? Sasa utamshawishi nani?

Mwanangu nyumbani ni msemaji balaa, ila akishika kalamu anakauka. Tatizo nini?

Hana tatizo. Kushawishi anajua, ila hajui kama kile anachokifanyaga kwa mdomo ndo hicho hicho kinachotakiwa kwenye karatasi.

Siku ukiwa na muda mpeleke mwaloni Kirumba, msimame pale kwa akina mama wa dagaa msikilize. Hujafungua mdomo ameshakumiminia dagaa kiganjani, "nusa kwanza baba, nusa, hawa wamekauka jua la siku moja, hawajapigwa na mvua." Unataka kuuliza bei, amekuwahi: "najua umepita kwa yule pale ukaona rahisi, wale wameanikwa mchangani, ukifika nyumbani unaosha mara tano na mchanga bado unausikia kwenye meno, hawa wangu ni wa kwenye chanja." Umeona hapo? Kadai kwamba mzigo wake ni mzuri, katoa ushahidi ukaushika kwa mkono wako, na pingamizi lako kalijibu kabla hujalitoa. Watoto wanacheka wakisikia kwamba hiyo ni insha, lakini ni insha kabisa, imekosa karatasi tu.

Darasani nafanyaga hivi. Nawaweka watatu watatu, mmoja anashawishi dakika mbili, wa pili kazi yake ni kukataa tu, yaani akatae na aseme kwanini, na wa tatu anaandika yale yaliyosemwa kama yalivyo. Kama ni nyumbani mwambie ajirekodi kwenye simu afu asikilize aandike. Lugha itakuwa chafu, usijali, lugha inasafishwa mwishoni, ila mtoto aliyekuwa na ukurasa mtupu sasa ana ukurasa umejaa.

Mada nzuri natoa wapi?

Karibu na mlango wako. Kama mwenye uwezo wa kukataa anajulikana jina na anakaa mtaa huo, hiyo mada ni nzuri. Konda anayeacha wanafunzi kituoni. Wasichana kunyoa nywele shuleni. Tuisheni wakati wa likizo (hii waandikie mimi, nimeshasomewa mashtaka yangu mara nyingi). Simu bwenini. Ziwa kupumzishwa, yaani uvuvi kusimamishwa kwa muda.

Za "rushwa ni adui wa haki" na "madhara ya madawa ya kulevya" waachie mabango.

Tupe mfano, tuone kabla na baada.

Sawa, huu nimeomba ruhusa. Kuna kijana wangu wa fomu thrii, kwao Igombe, baba yake ana boti ya sangara. Mara ya kwanza aliandika hivi:

"Ziwa Victoria ni rasilimali muhimu sana kwa taifa letu. Uvuvi haramu umekuwa changamoto kubwa katika jamii. Hivyo basi hatuna budi sote kwa pamoja kushirikiana kulilinda ziwa letu."

Kiswahili hakina kosa hata moja, na hakuna anachosema. Nikamuuliza nani atakataa, kimya. Nikamgeuzia swali: pale kwenu wakitangaza ziwa linafungwa miezi mitatu, nani atakasirika wa kwanza? Hakufikiria hata sekunde, "baba." Basi mwandikie baba. Wiki iliyofuata akaja na hii:

"Baba, shikamoo. Najua ukisikia ziwa lifungwe utauliza tutakula nini na deni la injini atalipa nani. Ila wewe mwenyewe uliniambia zamani mlikuwa mnatega hapa karibu mnarudi kabla ya chai, na sasa hivi mnachoma mafuta mpaka visiwani na mnarudi na sangara wa kuenea kwenye sufuria moja. Tanganyika walipumzisha ziwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Na wenzetu wa dagaa mbalamwezi ikitoka si wanakaa nyumbani kila mwezi, mbona wanaishi."

Huyu ni mtoto yule yule, wiki moja tu. Angalia ushahidi wake mkubwa ni maneno ya baba mwenyewe, sasa baba atakataaje? Na ile ya mbalamwezi mi nilipiga makofi, maana dagaa wanavuliwa kwa taa kwenye giza, mwezi ukiwaka taa haina kazi, kwahiyo mapumziko ya lazima yapo tayari kwenye hilo hilo ziwa na hakuna anayeyaita balaa.

Ila bado kulikuwa na tundu. Pembeni nikaandika maneno mawili tu: "Na injini?" Maana deni kalitaja mwenyewe kwenye mstari wa pili afu akalikimbia. Ikabidi akamuulize baba rejesho ni shilingi ngapi kwa mwezi, na rasimu ya tatu ikaja na pendekezo kwamba tarehe za kufunga zitangazwe mwaka mzima kabla, ili mwenye mkopo apange marejesho yake yaishie pale au yaruke ile miezi. Sikumfundisha mimi hiyo. Alibanwa na swali.

Methali zinaongeza maksi?

Moja iliyokaa mahali pake inapendeza. Shida ni kwamba watoto wanaitumia methali kama ushahidi, akishaandika "wahenga walisema" anaona kamaliza kuthibitisha.

Mi nawachezeshaga mchezo. Upande mmoja wa ubao naandika haraka haraka haina baraka, upande wa pili ngoja ngoja huumiza matumbo. Umoja ni nguvu, mkabala wake manahodha wengi chombo huenda mrama. Nawauliza wahenga walikuwa upande gani? Darasa linaangua kicheko. Wahenga wana methali ya kila upande, kwahiyo ukileta yako mwenzio naye ana yake mfukoni, afu mnabaki pale pale mlipoanzia.

Ushahidi watatoa wapi? Shule yetu vitabu vyenyewe vya kugombania.

Huu ushahidi unaotembea barabarani mbona mnauruka? Mtoto asimame kituoni nusu saa asubuhi na kalamu, ahesabu daladala ngapi zimesimama, ngapi zimebeba mwanafunzi, ngapi zimepita. Tarehe, saa, jina la kituo. Hiyo ni takwimu yake mwenyewe, hakuna wa kumpokonya. Aongee na watu watatu, aandike walichosema bila kuongeza chumvi. Na maktaba ya mkoa ipo hapa mjini, watoto wengi wanapita nje kila siku hawajawahi kuingia.

Ila ushahidi peke yake hautoshi, na hapa ndo wengi wanaangukaga. Kuna Mwingereza anaitwa Stephen Toulmin, mwaka 1958 aliichambua hoja kama fundi anavyofungua injini, akaonyesha kwamba kati ya ushahidi na dai kuna kitu cha tatu kinachoviunganisha, na mara nyingi huwa hakisemwi. Mi nakiita kiungo. Mfano: "Mwanafunzi analipa mia mbili, kwahiyo konda anamwacha." Inaonekana imekamilika, lakini muulize mtoto, hiyo mia mbili inamfanyaje konda amwache? Akichimba anakuta kiungo ni hesabu, ile hela ambayo dereva na konda lazima wampelekee tajiri jioni, mtu mzima mmoja akikaa kwenye siti hesabu inasogea, mwanafunzi haisogei sana.

Na kiungo kikishajulikana, insha nzima inageuka. Binti mmoja alikuwa amejaza kurasa mbili kumsema konda hana utu. Alipofika kwenye hesabu akafuta yote akaanza upya, sasa anamwandikia tajiri mwenye gari, kwamba asubuhi ya siku za shule apunguze hesabu kidogo. Konda hakuwa na uwezo wa kukubali hata angelia.

Hisia je, ziruhusiwe? Wangu anaandika mpaka unalia.

Ziruhusiwe, ila zisimame juu ya kitu. Huku ziwani hatuna haja ya kutunga huzuni. Kijana mmoja aliandika kuhusu abiria kuvaa majaketi ya kuokolea kwenye boti, rasimu yake ikasema "watu wengi sana walikufa kwa uchungu mkubwa mno na machozi yalitiririka kama mto." Nikamwambia toa machozi, weka tarehe. Ikawa: MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa ni zaidi ya 200. Alivyosoma hivyo, mia moja na moja, mia mbili, darasa lilinyamaza. Hakuna aliyeambiwa ahuzunike.

Na hapa nikiri kosa. Kuna shule niliwahi kufundisha, mtoto akaandika kuhusu pombe, vizuri mno, nami kwa furaha nikaisoma mbele ya darasa bila kumuuliza. Ilikuwa habari ya nyumbani kwao. Wenzake wakajua siku hiyo hiyo. Hakuandika tena kitu cha maana mpaka anamaliza shule, na sikumlaumu. Siku hizi sisomi ya mtu kwa sauti bila ruhusa yake.

Kwanini unalazimisha waandike na upande wa pili? Si wanajipiga wenyewe?

Msomaji wako pingamizi analo tayari kichwani, ukilinyamazia anaona hujui au unaogopa. Mama wa dagaa hakungoja useme kwa yule pale rahisi.

Zoezi ninalolipenda ni la daraja la Kigongo–Busisi. Lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita kama 3 hivi, darasa zima lilishangilia, na kweli, sisi tuliolala kwenye foleni ya kivuko tukienda Sengerema tunaijua ile kazi. Nikawaambia haya, wote mnaunga mkono, sasa mwandikieni mama aliyekuwa anauza mayai ya kuchemsha na soda kwenye ile foleni. Mshawishini kwamba daraja ni zuri. Kelele zikaisha. Dakika kumi za kwanza wote waliandika "maendeleo" na nikawarudishia. Mwisho mmoja akaandika "mama, foleni iliyokuwa inakulisha wewe ndio ilikuwa inachelewesha wagonjwa wanaokuja Bugando", afu akamtafutia na pa kwenda kuuzia. Huyo sasa kaanza kushawishi.

Mwalimu, si mnawafundisha watoto ubishi? Kwetu mtoto habishani na mkubwa.

Swali la haki kabisa, na mi nimelelewa hivyo hivyo, nikimjibu bibi jicho lilitosha.

Ila mbishi na mshawishi ni watu wawili tofauti. Mbishi anataka ashinde, mshawishi anataka ukubali, kwahiyo lazima akuheshimu la sivyo hupati. Hata Aristotle, yule Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema mtu anashawishiwa kwa mantiki, kwa hisia, na kwa jinsi anavyomuona huyo anayeongea. Hili la tatu sisi tunalo kwenye malezi. Ukianza na shikamoo baba, ukasema najua unachoka, ukakumbusha alichokisema yeye, umeshafungua mlango. Rudia kuisoma ile barua ya kijana wa Igombe, kuna ubishi gani pale? Baba yake alinipigia simu, nikajua leo kumekucha. Kumbe anauliza tuisheni ni Jumamosi tu au na Jumapili ipo.

Ile mbwembwe ya mdahalo, "wapinzani wangu wasio na hoja", waiandike?

Hapana. Kwenye mdahalo ukumbi unapiga meza, kwenye karatasi mpinzani ndo huyo huyo unayetaka akubali, ukimtukana mstari wa kwanza amefunga daftari.

Kiingereza chao hakijakaa. Insha ya Kiingereza waanzie wapi?

Waanze kwa Kiswahili, hata kwa Kisukuma kama ndo lugha anayowaza nayo. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anafika fomu wani masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, ukimwambia awaze na aandike kwa lugha mpya kwa wakati mmoja atachagua sentensi anazoziweza badala ya hoja aliyonayo. Apange kwa Kiswahili: nani atakataa, nadai nini, ushahidi, kiungo, pingamizi. Afu ndo ahamishe.

Wanachanganya r na l. Nikate maksi?

Huku kwetu, ngosha, ukianza kukata r na l utamaliza wino. Nazungushia duara rasimu ya mwisho tu, sio ya kwanza. Ila kuna siku niliandika ubaoni "wananchi wamejitokeza kupiga kula", nikawauliza wamepiga nini, wenyewe wakacheka wakarekebisha, na tangu hapo mtu akikosea wenzake wanamuuliza "umekula?"

Nina watoto themanini na kitu darasani, nasahihishaje?

Usisahihishe kila kitu. Mi mzunguko wa kwanza nasoma aya ya kwanza peke yake, natafuta anamwandikia nani na anataka nini, basi, naandika swali moja pembeni natupa juu. Swali, sio maelezo. "Na injini?" ilifanya kazi kuliko nusu ukurasa wa kalamu nyekundu. Mzunguko wa pili wanabadilishana daftari na kila mmoja anaandika sababu moja ya kukataa. Wa tatu ndo nasoma yote, na kwa darasa la themanini nasoma robo kila wiki, mwezi unaisha wote nimewafikia. Bado nachoka, sitakudanganya.

Akiandikiwa na ChatGPT nitajuaje?

Insha haina mtu ndani. Inamshawishi "jamii". Muulize kituo gani, saa ngapi, nani alikwambia, na rasimu ya kwanza iko wapi. Mimi sijawakataza simu kabisa, nawaambia muwape hoja zenu hizo programu ziwapinge, afu nyie mjibu kwa mkono wenu darasani. Wanaipenda hiyo, maana mashine haichoki kukataa.

Hii itamsaidia kwenye mtihani wa NECTA?

Itamsaidia ila muundo wa mtihani lazima aujue: kichwa, utangulizi, kiini, hitimisho, na idadi ya maneno kama swali lilivyosema. Mwezi mmoja kabla ya mtihani tunafanya hiyo tu kwa saa. Msahihishaji naye ni mtu, amekaa na rundo la karatasi za elimu ni ufunguo wa maisha, akikutana na tajiri wa daladala anaamka.

Na kwa wanaouliza mashindano, yapo ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC kwa wanafunzi wa sekondari. Muulizeni mkuu wa shule mapema.

Mwanangu ameniandikia kurasa mbili nimnunulie simu. Nimjibuje?

Kwa maandishi. Usimwambie "tutaona", hiyo inaua kabisa. Kama unakataa andika sababu zako mbili, mrudishie karatasi, mwambie anaruhusiwa kujibu. Wa kwangu tuko raundi ya tatu sasa, juzi kaniletea orodha ya siku nilizochelewa kurudi na yeye hakuwa na njia ya kunipata, tarehe kwa tarehe. Simu bado sijanunua, ila juzi nilipita dukani kuuliza bei.